Betri Inayovuja Katika Gari la Chama: Kuisafisha, Kutafuta Chanzo na Kuweka Kumbukumbu



Katika kukagua vitabu vya chama kimoja cha msingi huku kwetu Pongwe, nilikuta hati tatu za malipo ya betri mpya za gari moja, katika muda usiotimia miaka miwili. Gari lenyewe ni pikapu inayokusanya maziwa ya wanachama kila alfajiri na kuyafikisha mjini Tanga. Kamati ilikuwa imekwisha kuamini kwamba dereva anauza betri nzima na kurudisha mbovu. Barua ya kumsimamisha kazi ilikuwa imekwisha kuandikwa, ikingoja sahihi ya mwenyekiti. Niliomba boneti ifunguliwe kwanza, ndipo barua itiwe sahihi.

Tulichokiona kilieleza mengi. Juu ya betri palikuwa na majimaji. Vichwa vyake viwili vilikuwa vimefunikwa na unga mweupe, na kwenye vibano vya waya uliota ukoga wa kijani na buluu. Sahani ya chuma inayobeba betri ilikuwa imeliwa na kutu hata ikatoboka, na betri ilikuwa imezuiwa kwa kamba ya mkonge. Dereva alieleza kwamba huifuta betri kwa kitambaa kila Jumamosi, naye alisema kweli, maana suruali yake ya kazi ilikuwa imejaa matundu mapajani. Tulipowasha injini na kupima kwa mita, umeme uliokuwa ukiingia katika betri ulizidi volti 15. Kifaa kinachodhibiti chaji kilikuwa kimeharibika, na ndicho kilichokuwa kikiziua betri moja baada ya nyingine. Barua ile ilichanwa siku hiyo hiyo.

Nimeona yafaa kueleza jambo hili kwa kirefu, kwa sababu vyama vyetu vingi sasa vina pikapu, trekta, pikipiki, jenereta ya kuwasha mtambo wa kupozea maziwa, au betri za umeme wa jua ofisini. Kote humo hatari ni ile ile. Aidha, hewa ya pwani ina chumvi na unyevu, kwa hiyo chuma kilichokwisha kuguswa na tindikali huliwa upesi zaidi kuliko bara.

BETRI INA NINI NDANI

Betri ya aina hii ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na mpaka leo asili yake haikubadilika sana. Ndani yake mna mabamba ya risasi yaliyozama katika mchanganyiko wa maji na tindikali ya salfa. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, na kila chumba hutoa volti 2 na kidogo. Ikiwa imejaa chaji na injini imezimwa, mita husoma kiasi cha volti 12.6. Malori mengi hutumia betri mbili zilizoungana kufanya volti 24.

Katika betri iliyojaa chaji, kiasi cha theluthi moja ya uzito wa mchanganyiko huo ni tindikali halisi. Betri ya pikapu hubeba lita kadhaa za mchanganyiko huo. Kwa hiyo yale si maji, ingawa madereva wengi huyaita maji. Hutoboa nguo, huunguza ngozi, hula chuma, na yakiingia jichoni yaweza kupofusha.

Hapa pana jambo moja ambalo wengi hawalijui. Maji hukauka, lakini tindikali ya salfa haikauki pamoja nayo. Tone likimwagika juu ya chuma, maji yake huondoka kwa joto, na tindikali hubaki ikizidi kuwa kali. Ndiyo sababu suruali ya dereva huonekana nzima jioni, na matundu yakatokea baada ya siku chache au inapofuliwa. Mtu anayefuta betri kwa kitambaa kikavu huiondoa tindikali mahali pamoja na kuipaka mahali pengine; kisha huweka kitambaa hicho chini ya kiti, nacho huanza kula kiti.

KUISOMA DALILI

Kabla ya kusafisha, dereva na katibu waangalie rangi, maana kila rangi ina habari yake.

Unga mweupe kwenye vichwa vya betri ni risasi iliyoliwa na tindikali. Ukoga wa buluu au kijani hutoka katika shaba ya waya na vibano. Kwa asili yake ni mrututu, ule ule ambao wakulima wengi huutumia kuzuia magonjwa ya ukungu shambani. Ukiuona ukiingia ndani ya mpira wa waya, fahamu kwamba shaba ya ndani inaliwa hata kama mpira unaonekana mzima. Rangi ya kahawia kwenye sahani na kwenye bodi ni kutu ya kawaida ya chuma iliyoharakishwa na tindikali.

Majimaji yaliyotapakaa juu ya betri yana hasara nyingine. Hupitisha umeme polepole kutoka kichwa kimoja hadi kingine, hivyo betri huisha chaji usiku gari likiwa limelala. Asubuhi gari haliwaki, na watu husema betri ni mbovu.

KUJIKINGA KABLA YA KAZI

Kazi hii ifanyike nje, mahali penye hewa, injini ikiwa imezimwa na ufunguo umetolewa. Betri inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo ikifikia sehemu 4 tu katika 100 za hewa yaweza kulipuka kwa cheche ndogo. Kwa hiyo asivute mtu sigara hapo, wala kisiletwe kibatari ili kuchungulia kiwango cha maji. Ikiwa ni giza, itumike tochi.

Mfanyakazi avae miwani ya kukinga macho na glavu za mpira, avue pete na saa ya chuma, na aweke karibu ndoo ya maji safi kabla hajashika spana. Watoto wasiruhusiwe kusogea.

Tindikali ikimwagikia ngozi, vua nguo iliyolowa na umwagie maji mengi papo hapo. Ikiingia jichoni, fungua kope kwa vidole na uoshe kwa maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 20, kisha mgonjwa apelekwe hospitali bila kungoja maumivu yazidi. Jicho lisitiwe soda, maziwa wala dawa ya kienyeji. Maji safi ndiyo yanayohitajika. Dakika hizo za mwanzo ndizo zinazoweza kuliokoa jicho, kwa hiyo mtu asikimbizwe Bombo kabla hajaoshwa.

JINSI YA KUSAFISHA

Kinachoua tindikali ni kitu chenye asili ya magadi. Bora ni bikaboneti ya soda, ile poda nyeupe inayouzwa madukani kwa ajili ya kuumulia mikate na maandazi. Isipopatikana, magadi ya kawaida ya jikoni yatafaa, yakipondwa, yakayeyushwa katika maji na kuchujwa kwa kitambaa. Soda ya kostiki ya kutengenezea sabuni isitumike kabisa, kwani nayo huunguza kama tindikali yenyewe.

Hatua ni hizi:

1. Fungua kwanza waya uliofungwa kwenye bodi ya gari. Katika magari mengi ya siku hizi huo ni waya wa hasi. Baadhi ya magari na matrekta ya zamani yalifungwa kinyume, kwa hiyo angalia badala ya kukisia. Sababu ni kwamba ukianza na waya mwingine, kisha spana ikagusa bodi, cheche kubwa itatokea karibu na gesi.

2. Fungua waya wa pili. Kibano kikigoma, kilegeze kwa spana na kukitanua taratibu. Usikipige nyundo wala usikitikise kwa nguvu, maana kichwa cha betri hulegea shinani, na hapo tindikali hupata njia mpya ya kupandia.

3. Hakikisha vifuniko vya vyumba vyote sita vimekazwa. Maji ya soda yakiingia ndani huua tindikali inayofanya kazi, na betri nzima huharibika.

4. Yeyusha vijiko viwili vya chakula vya soda katika nusu lita ya maji. Mimina kidogo kidogo juu ya betri na vibano. Patatoka povu na sauti ya kuchemka. Povu hilo ndilo ushahidi kwamba palikuwa na tindikali. Endelea mpaka ukimimina tena pasitoke povu.

5. Sugua vichwa na ndani ya vibano kwa brashi mpaka chuma king'ae. Sugua vikiwa vimelowa, ili vumbi la risasi lisiruke likavutwa puani.

6. Inua betri kwa kushika chini yake, wala si kwa vichwa vyake. Osha sahani, bodi na waya kwa maji yale yale ya soda, kisha suuza kila kitu kwa maji safi na kukausha.

7. Kwangua kutu ya sahani, paka rangi ya kuzuia kutu, na ingoje ikauke. Iwapo sahani imetoboka, ichomelewe nyingine kabla betri haijarudishwa. Kamba ya mkonge ina kazi nyingi za heshima katika mkoa huu, lakini kushika betri si mojawapo.

8. Waya ulioliwa ndani ukatwe mpaka ifikiwe shaba inayong'aa. Ukiwa mfupi mno, ununuliwe mwingine.

9. Rudisha betri, kaza vishikizo vyake, funga waya kwa kufuata kinyume cha ulivyofungua, yaani ule wa bodi uwe wa mwisho. Baada ya kukaza, na si kabla, paka grisi au mafuta ya mgando juu ya vichwa na vibano ili hewa ya chumvi isifike.

10. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kula, kunywa au kushika vyombo vya maziwa. Kitambaa na brashi zilizotumika zisitumike kwa kazi nyingine.

TINDIKALI IKIMWAGIKA CHINI

Wenzetu wa Pongwe huuliza kama chokaa yetu yafaa kwa kazi hii. Swali ni la haki, kwa kuwa tumekaa juu ya mawe ya chokaa, na kiwanda cha saruji kiko hapa hapa kwa sababu hiyo. Jibu ni kwamba yafaa sakafuni na juu ya ardhi, ikiwa ni chokaa iliyokwisha kuzimwa kwa maji na kuwa unga mkavu. Zungushia ukingo wa mchanga ili tindikali isitambae, nyunyiza chokaa hiyo mpaka kila mahali pafunikwe, changanya kwa kijiti, ngoja, kisha ongeza tena mpaka pasionekane kuchemka. Zoa kwa koleo na uoshe sakafu. Macho yakingwe, kwa kuwa unga wa chokaa nao huumiza.

Chokaa iliyochomwa bila kuzimwa isitumike. Hiyo ikikutana na majimaji hutoa joto kali na kurusha matone. Wala usitegemee mawe ya chokaa yaliyopondwa ovyo. Jiwe huchemka kidogo, kisha hufunikwa na ganda la jasi, na tindikali iliyobaki haifikii tena ndani ya jiwe. Mtu huona povu limekoma akadhani kazi imekwisha, kumbe tindikali ingalipo.

Juu ya betri yenyewe na kwenye vibano usitumie chokaa, kwa sababu hiyo hiyo ya ganda. Hapo tumia soda au magadi.

KWA NINI ILIVUJA

Yote niliyoyaeleza hadi hapa ni nusu ya kazi. Betri iliyosafishwa bila chanzo kutafutwa itavuja tena, na chama kitalipa tena. Vyanzo vikuu ni hivi vitano.

Kwanza, kuchajiwa kupita kiasi. Injini ikiwa inazunguka, betri ya volti 12 yapaswa kupata kiasi cha volti 13.8 hadi 14.4. Ikizidi 14.8 mfululizo, maji ya ndani hugeuka kuwa gesi, na gesi hiyo hubeba matone ya tindikali kupitia matundu ya vifuniko. Katika mfumo wa volti 24, hesabu ni mara mbili. Mwenye mita ya kawaida aweza kupima jambo hili kwa dakika moja. Dalili nyingine ni maji ya betri kupungua kila wiki katika vyumba vyote.

Pili, kujaza kupita kiasi. Maji yafunike mabamba kwa kiasi cha sentimita moja, au yafikie alama iliyowekwa na mtengenezaji. Yanapopata joto na chaji hupanda, na yakiwa yamejaa hadi mdomoni hayana pengine pa kwenda ila nje. Jaza baada ya kuchaji, si kabla, isipokuwa mabamba yakiwa wazi. Hapo ongeza kiasi cha kuyafunika tu.

Tatu, kulegea kwa vishikizo. Betri inayorukaruka katika njia za mashambani hupasuka ganda. Chumba kimoja kinachopungua peke yake huku vingine vikiwa sawa ni dalili ya ufa.

Nne, vichwa vilivyolegezwa kwa kupigwa nyundo au kwa kubebewa betri.

Tano, uzee wa betri. Betri iliyochoka hupata moto na kutoa gesi hata chaji ikiwa ya kawaida. Hiyo ibadilishwe, lakini baada ya kuthibitisha kwa kipimo.

Yafaa kusema pia juu ya maji ya kuongeza. Kinachopungua katika betri nzima ni maji, kwa hiyo huongezwa maji ya betri yasiyo na madini, wala haiongezwi tindikali. Maji ya kisima ya huku kwetu ni magumu kwa sababu ya chokaa iliyomo ardhini, na ya pwani yana chumvi. Yote mawili huharibu mabamba. Yale ya mvua yaliyopita juu ya bati la kutu nayo hayafai. Ama betri zile zisizofunguliwa kuongezwa maji, nazo zina matundu madogo ya kupumulia, na zikichajiwa kupita kiasi huharibika vilevile.

BETRI KUUKUU

Betri iliyokufa isiachwe uani mwa ofisi, wala isivunjwe ili kupata risasi. Risasi ni sumu inayoingia damuni na kudhuru ubongo wa watoto hasa. Mfano tunao karibu, mwambao huu huu wetu. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, palianzishwa mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu. Mama mmoja aliyekuwa akifanya kazi hapo, Phyllis Omido, aligundua kwamba mtoto wake mchanga amepata sumu ya risasi, akaanza kupigania wakazi wenzake. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na baada ya rufaa, Mahakama ya Juu ya Kenya ilirejesha amri hiyo mwaka 2024. Fedha hazirudishi afya ya mtoto.

Kwa hiyo betri kuukuu iwekwe wima, mahali pakavu penye paa, juu ya ubao au ndani ya beseni la plastiki, mbali na vyombo vya maziwa na vyakula. Ikabidhiwe kwa muuzaji anayepokea ya zamani wakati wa kununua mpya, au kwa mnunuzi mwenye kibali cha kushughulikia taka za hatari. Stakabadhi ya makabidhiano ihifadhiwe. Katika chama nilichokitaja mwanzoni, stakabadhi hizo zingekuwapo, dereva asingeshukiwa hata siku moja.

WAJIBU WA KATIBU NA KAMATI

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kila chombo chenye betri kiwe na ukurasa wake katika daftari la matengenezo. Mara moja kwa mwezi yaandikwe mambo haya: tarehe; kilomita au saa za injini; kiwango cha maji katika kila chumba na kiasi kilichoongezwa; volti injini ikiwa imezimwa; volti injini ikiwa inazunguka; hali ya vichwa, vibano na sahani; na sahihi za dereva na katibu. Betri mpya inaponunuliwa, namba yake ichorwe juu ya ganda kwa rangi isiyofutika na kuandikwa daftarini siku hiyo hiyo. Kwa njia hiyo haiwezi kubadilishwa bila kujulikana, na mtu asiye na hatia ana ushahidi wa kumtetea.

Aidha, kamati isiidhinishe malipo ya betri ya pili kwa chombo kimoja ndani ya mwaka mmoja kabla haijaletewa kipimo cha chaji kilichoandikwa. Mita ya volti na pakiti ya soda ni vitu vya bei ndogo mno ukilinganisha na betri moja. Ndugu wajumbe, usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo hujengwa kwa fedha za mwanachama aliyeamka alfajiri kukamua.

Katika chama kile, kidhibiti cha chaji kilibadilishwa, sahani ikachomelewa nyingine, na dereva yule yule akapewa daftari. Nilipopita tena, alinionyesha kurasa zilizojaa, kila mwezi una sahihi mbili. Betri aliyokuwa nayo ilikuwa ile ile tuliyoisafisha pamoja.